Kengele za Wodi ya Wanaume

4 Machi

Mwanangu,

U mzima huko? Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inalalamika, na wewe unajua hainyamazi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijamaliza, na hili nataka nilimalize.

Programu yako ya rekodi za wagonjwa imeganda tena leo saa nne, madaktari wakiwa katikati ya kupita vitandani. Ni mara ya tatu tangu wiki jana. Fundi wetu wa kompyuta aliizima na kuiwasha, dakika kumi na mbili zikaenda, nasi tukarudi kwenye karatasi. Mzee wa kitanda cha tisa nusura achomwe sindano ileile mara mbili, maana muuguzi mmoja aliandika kwenye karatasi na mwenzake akatazama kompyuta.

Mimi ndiye niliyewaambia hapa kwamba mwanangu anaiweza kazi hii. Sasa wakinikuta koridoni wananiuliza, "Sista, mtoto ameamkaje leo?" Wanamaanisha programu. Mganga mkuu anataka umwandikie kama kosa ni lako au la fundi. Fundi anasema kumbukumbu ya seva, ile kompyuta kuu, inajaa. Angalia unachoandika, mkataba wake unaisha mwezi huu na wapo wanaotafuta sababu.

Mama

6 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na miguu. Mimi mzima, ila nimechoka kusikia habari za huyo fundi.

Nikueleze kwa kifupi. Lugha niliyotumia ina mfagizi wake ndani. Kitu kikishatumika na hakuna kinachokishika tena, mfagizi anakiondoa na nafasi inarudi. Mimi sifuti chochote kwa mkono, kwa hiyo siwezi kusahau kufuta. Hapa kwangu nimeiwasha siku tano, imetulia tuli. Kama huko inajaa, basi kuna mtu amepakia vitu vyake kwenye seva, na mwenye ufunguo wa chumba kile ni mmoja. Nimemwandikia mganga mkuu hivyohivyo.

Fundi amenitumia mafaili matatu makubwa, eti ni picha za kilichomo kwenye kumbukumbu. Sina muda wa kufundishwa kazi yangu. Aongeze kumbukumbu mara mbili, yaishe. Nina hospitali mbili zinazotazama yenu inavyokwenda kabla hazijasaini, Mama. Nikizikosa hizo, ofisi naifunga.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Salamu ni zilezile, hali ni ileile.

Kumbukumbu imeongezwa mara mbili. Zamani programu ilikaa siku mbili ikaganda, sasa imekaa siku nne ikaganda. Fundi alisema mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa, na hakusema kwa kejeli.

Barua yako mganga mkuu ameibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na dirisha la dawa. Fundi aliisoma akiwa kwenye foleni ya watu, nami nilikuwa nyuma yake. Hakugeuka. Baadaye alikuja wodini, akaniambia, "Sista, mwambie afungue yale mafaili. Ahesabu kurasa tu." Basi.

Jumatatu tarehe kumi na nane wanakaa kikao cha mkataba wake. Nakuomba, fungua. Na usinijibu kwa hasira, mimi si mteja wako.

Mama

21 Machi

Shikamoo Mama,

Sijui nianzie wapi, na naona aibu.

Nimefungua mafaili jana. Wodi yenu ina vitanda thelathini na sita. Ndani ya kumbukumbu nimekuta kurasa za wagonjwa elfu kumi na moja na mia tatu. Kila mara muuguzi alipofungua ukurasa wa mgonjwa kisha akaufunga, ulibaki humohumo. Nikafuatilia mmoja mmoja nione nini kinazishika. Ni orodha ya kengele, ile ya kurasa zinazolia dripu ikikaribia kwisha.

Unakumbuka mwezi wa pili ulinipigia ukasema muuguzi akifunga ukurasa, kengele ya dripu inanyamaza na dripu inakauka, nitengeneze siku hiyohiyo? Nilikuwa naingia kwenye mkutano. Nilifuta mstari mmoja, ule unaoutoa ukurasa kwenye orodha ya kengele unapofungwa, nikakwambia tayari. Sikuandika popote kwamba nimeufuta. Tangu hapo kengele inazishika kurasa zote, na mfagizi hagusi kilichoshikwa. Hapa kwangu nilifungua ukurasa mmoja nikauacha wazi siku tano, ningeona nini? Hata uliposema kengele zinalia kwa kurudiarudia, nilikujibu punguza sauti.

Nimerekebisha. Kengele sasa inashika namba ya kitanda tu, ukurasa unaondoka. Fundi ilimchukua siku moja kuliona, mimi wiki mbili, na yeye hakuiandika programu hii. Kikao kilikwendaje?

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Kikao kilikwisha kwa robo saa. Walisoma barua yako, wakamwambia akabidhi ufunguo. Aliondoka na sanduku lake la vifaa na kikombe chake cha chai.

Nimempelekea mganga mkuu hii barua uliyoniandikia juzi. Amekubali kumrudisha. Nikaenda mwenyewe kwa fundi kumwambia. Alinikaribisha vizuri, mkewe akaniwekea kiti kivulini. Akasema atarudi siku barua nyingine itakapobandikwa pale palipobandikwa ile ya kwanza, imeandikwa na aliyeandika ile.

Wale wa hospitali zako mbili wanapita hapa Jumatano kutazama. Watausoma ubao. Nimekwambia ili usije ukasema sikukwambia.

Mama

25 Machi

Mama,

Nilikasirika, kisha nikakaa nikaandika. Ibandike hii.

"Kwa wote wa hospitali. Kuganda kwa programu kumetokana na mstari wa programu nilioufuta mimi mwezi wa pili. Fundi hakuweka kitu chochote kwenye seva. Alinitumia ushahidi mapema nikaupuuza, kisha nikamsingizia kwa maandishi. Namwomba radhi. Mwandishi wa programu."

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima, maana umekuwa kimya. Programu ina siku kumi haijaganda.

Wale wageni wa Jumatano walisoma ubao. Mmoja alicheka, mwingine alinakili kwenye daftari. Kama watasaini sijui, sikuwauliza.

Fundi alikuja Alhamisi. Alisoma barua yako taratibu, akairudia, kisha akauliza nani amehamisha waya wa kompyuta ya dawa bila kumwambia. Amekasirika mpaka leo.

Usinigombeze kwa jambo moja. Kabla ya kuibandika niliongeza mstari chini yake kwa kalamu: "Aliyemwomba aitengeneze kengele, akamharakisha mpaka akafuta mstari huo, ni mimi, sista wa wodi ya wanaume." Sasa koridoni hawaniulizi tena kuhusu mtoto.

Mama