Babu, Ule Mlango Ulikuwa Wako

Babu,

Yule William uliyekuwa unamwombea hakuwahi kuishi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua.

Leo ni Jumapili. Wenzangu wameenda kufua, mimi nimebaki bwenini hapa Gitega na daftari. Tangu tukuzike kule Mwakiro, mihogo uliyoipanda imefika kifuani mwangu. Mama anaipalilia peke yake. Mbuzi wako amezaa mapacha. Kiti chako hakuna anayekikalia, hata mgeni asiyejua anakitazama tu halafu anakwenda kukaa mkekani. Redio imekufa nayo, au labda ni wewe tu uliyejua pa kuipiga ili iseme.

Sasa William.

Sikuwahi kukuambia ilivyoanza. Madamu wetu wa Kifaransa alitufundisha habari za watu wa zamani waliohamia magharibi ya Amerika. Walikwenda na mikokoteni ya kuvutwa na ng'ombe, wakifika mahali hakuna nyumba wala mti, wanakata udongo pamoja na majani yake, wanajenga. Akasema kila mmoja wetu aandike mwaka wa kwanza wa mtu kama huyo, na insha nzuri kuliko zote itasomwa siku ya wazazi.

Babu, mimi Amerika siijui. Nilikaa mbele ya karatasi kipindi kizima. Halafu nikakuandika wewe.

Lori lililotutoa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma nikalifanya mkokoteni. Shitingi, ile plastiki tuliyolala chini yake, nikaifanya nyumba ya udongo. Jembe nikalifanya plau. Kilima chetu cha mawe nikakinyoosha kikawa uwanda. Wewe nikakufanya mzungu, nikakupa ndevu za rangi ya mahindi, nikakuita William. Mlango tu ndio niliuacha kama ulivyo.

Unaona, ule mlango ningeubadilisha kuwa nini? Nilikuwa na miaka saba lakini naukumbuka vizuri. Uliuchonga mwenyewe kambini, na siku ya kurudi Burundi ukaupakia kwenye lori, watu wakakucheka njia nzima. "Mzee, mlango wa nini, nyumba huna?" Ukawajibu kwamba nyumba inakuja na gari la nyuma. Tulipofika Mwakiro, kabla ya kukata hata jani, ulichimba mashimo mawili, ukasimika miti miwili, ukaufunga mlango hapo. Mlango peke yake, umesimama kwenye majani, nyuma yake mimi na Mama tumekaa kwenye mkeka.

Na Mama Zaituni akaja. Jirani wa kwanza. Alikuwa na maharage kwenye kikapu. Angeweza kupita pembeni, pembeni palikuwa peupe kote, lakini akasimama mbele ya mlango akapiga kelele, "Hodi hapa! Kwani wenyewe hamuko?" Ukainuka. Ukafunga vifungo vya shati, taratibu, kimoja kimoja. Ukafungua. "Karibu ndani, mama, karibu." Akaingia ndani, na ndani ni majani yaleyale ya nje. Mama yangu hakuwa amecheka tangu tupande lori. Siku hiyo alicheka mpaka akashika mbavu.

Mahindi pia nilimpa William. Ule mwaka wa kwanza ulipopanda kwa miezi ya Kigoma, ukingoja mvua uliyoizoea, kumbe huku majirani walishapanda zamani, yao yamefika magotini. Jua la Januari likakukuta mahindi yako ndiyo kwanza yanatoa maua. Watoto waliokuwa wanapita walikuita Mtanzania. "Mtanzania, mahindi yako yanauliza njia!" Na Mama Zaituni ndiye aliyekuja na mbegu nyingine za maharage, akasimama pale shambani, mikono kiunoni, akakufundisha miezi upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Yeye, Mama Zaituni, nilimtoa. Kwenye insha hayumo. Madamu alikuwa amesema watu wale walisimama peke yao, na mimi nikaona William akiwa peke yake atakuwa mkubwa zaidi.

Insha yangu ikashinda.

Ulitoka Mwakiro siku moja kabla ya siku ya wazazi ili usichelewe. Ulivaa koti la kahawia, lile la mikono mifupi, na ulibeba mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Ukakaa mstari wa mbele, karibu na mama mmoja aliyenukia manukato. Nilisoma kwa Kifaransa huku karatasi inatetemeka. Hukuelewa hata neno, lakini kila nikiinua macho nakuona unaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia mahubiri. Nilipomaliza ulipiga makofi ukiwa umesimama. Wewe peke yako ndiye uliyesimama.

Kinachofuata ndicho kinachoniuma.

Arlette, rafiki yangu, yule anayelala kitanda cha juu yangu, alikuja tukakaa wote kwenye ngazi za darasa. Alikutazama, akatazama mikono yako, akaniambia kwa Kifaransa, bila ubaya wowote, kwamba unafanana na William wangu. Akauliza, si ni yeye?

Nikamwambia, "Jamais." Kamwe. Na nikacheka.

Ukaniuliza anasema nini. Nikasema, "Anakusalimia, Babu." Ukampa hindi.

Nataka nikueleze kwa nini, ingawa haisaidii. Pale shuleni walikuwa wameniita Tanzania miaka miwili kwa sababu ya Kirundi changu kilichovunjika. Mimi ni mtu wa kunyamaza, nikiulizwa jina nalisema mara mbili ndipo lisikike. Kwa mara ya kwanza walikuwa wananijua kwa kitu kingine. Niliogopa kwamba wakijua William ni babu yangu wa Mwakiro, kile kitu kizuri kitarudi kuwa lori na shitingi. Ndiyo hivyo. Niliyaonea haya maisha ambayo nilikuwa nimetoka kushangiliwa kwa ajili yake.

Ukaniomba nikusimulie kwa Kiswahili. Nikakusimulia. Nilipofika kwenye mlango ulipiga goti lako kwa kiganja. "Na huyo naye alikuwa na mlango!" Nilikuwa na nafasi hapo, Babu, kubwa kama uwanja wa mpira. Nikaendelea na mahindi.

Halafu ukauliza, "Nani alimbishia hodi?"

Nikasema hakuna mtu, alikuwa peke yake.

"Hata jirani mmoja?"

"Hata mmoja."

Ukasema, "Masikini wa Mungu. Mlango bila hodi." Na ukauliza swali la pili, kwamba pale alipofikia, kabla yake palikuwa pa nani? Nikasema sijui, palikuwa pori. Hukuridhika, niliona. Ulipukuchua punje za hindi lako moja moja bila kuzila.

Kutoka siku hiyo ukamwombea. Likizo ya kwanza niliyokuja nyumbani nikasikia, baada ya jina la Bibi na majina ya ndugu zako waliobaki kambini, "na William, aliyekaa bila jirani." Nilifumba macho. Mama akadhani nasali sana. Na kila nikifika mlangoni ulikuwa unanitania, "William hajambo?" Nami najibu, "Hajambo, anakusalimia." Pasaka tulicheka hivyo. Ilikuwa mara ya mwisho.

Lile swali lako la pili nilikuja kulipeleka kwa madamu, baadaye, wewe ukiwa tayari unaumwa. Akaniambia kwamba pale palikuwa na watu. Walikuwa na majina yao na mashamba yao, na wakafukuzwa.

Babu, nilikaa na jibu hilo kama mtu aliyemeza jiwe. Kwa sababu nilikumbuka Bukirasazi. Kabla ya Mwakiro ulitupeleka kwanza kule, kwenye ardhi ya baba yako uliyoiacha ulipokimbia, na tukakuta mama mmoja na watoto wake wanne wanavuna maharage. Majirani wote walikuambia ushtaki, karatasi zipo, wazee wa kilima wanakukumbuka. Wewe ukaomba maji. Tukanywa, mimi wa mwisho. Ukashukuru, ukauliza majina ya watoto, ukabeba mlango wako. Ukakubali kilima cha mawe ambacho hakuna mtu aliyekitaka. Na mimi nilichukua maisha hayo nikampa mtu ambaye huenda alifanya kile ulichokataa kufanya.

Ningekuambia likizo ya Juni. Nilishapanga hata maneno. Mama akapiga simu wiki ya mitihani.

Nilidhani siri hii ni yangu. Lakini siku tulipokuzika, tukiwa tunaosha vyombo, Mama Zaituni akaanza kucheka na kulia pamoja. Akasema uliporudi kutoka Gitega uliwasimulia watu wote habari ya mzungu wa Amerika. "Mi nilimwambia, mzee, weye! Mlango iko yako, mahindi iko yako, sasa mzungu anatoka wapi? Ni wewe huyo! Akakataa kabisa. Anasema hapana, kama ingekuwa mi, mjukuu wangu Jene angeniambia."

Angeniambia.

Sahani ilinitoka mkononi. Mama Zaituni akadhani ni uchungu wa msiba, akanikumbatia na mikono yake yenye sabuni. Nami sikumwambia hata yeye. Nilinyamaza kwa mara ya tatu, na safari hii hapakuwa na Arlette wa kusingizia.

Ndiyo maana naandika. Jumamosi ijayo tunaganduka, tunamaliza matanga yako, na watu wa kilima kizima watakuja. Nilipokuwa nyumbani Mama aliomba mtu wa familia aseme neno siku hiyo. Nikainua mkono. Alinitazama kama vile mbuzi ndiye ameinua mkono.

Arlette nimeshamwambia. Nilimwambia juzi, kwenye foleni ya chakula, kwa haraka, nisije nikabadili mawazo. Akauliza kama yale mahindi aliyokula yalitoka kwenye shamba lile lenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema anakuja Mwakiro.

Insha nimeiandika upya kwa Kiswahili, ili Mama Zaituni aisikie mwenyewe. Mkokoteni umerudi kuwa lori. Ndevu nimezinyoa. Mama wa Bukirasazi yumo, na maji yake. Mama Zaituni yumo, na kikapu, na mikono kiunoni. Mstari wa kwanza unasema: Mzee Laurenti, babu yangu, alifika Mwakiro akiwa na mlango.

Nakuahidi nitasoma kwa sauti ya kufika nyuma. Nikitetemeka, nitatetemeka nikisoma.

Usimwombee tena William. Niombee mimi.

Lala salama, Babu. Jumamosi nikifika nyumbani sitapita pembeni wala kuingia moja kwa moja kama mwenyewe. Nitasimama mbele ya mlango wako nibishe hodi, halafu nitangoja, muda wa mtu kufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja. Ndipo nitaingia niwaambie.

Mjukuu wako,
Jenerose