Alichoniuliza Habaryar Mtoni

Garissa, Jumapili

Sikupaswa kusema. Lakini mikono ya Habaryar Amina, mdogo wake mama, ilikuwa mabegani mwangu, na mto ulikuwa ukituchukua taratibu.

Ni yeye aliyenilazimisha nipumzike leo. Mumewe aliongoza chelezo cha magogo kwa upondo, nami nikalala kifudifudi huku Habaryar akinikanda kwa mafuta ya ufuta.

"Wallahi, mgongo huu ni wa ngamia wa mizigo! Huko ofisini wanakubebesha nini?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu nianze kuwatafsiria maafisa wanapowahoji wanaoshukiwa kuwa mashifta, waasi wenye silaha. Niliapa kwamba nisikiayo mle hayatatoka.

Kisha akauliza polepole, "Yusuf wangu hujamwona?"

Kila mtu huniuliza kuhusu mtu wake, nami hujibu sijui. Mwanawe Yusuf nilimtafsiria Alhamisi, akihojiwa. Alijifanya hanifahamu, ili nisiingie matatani.

"Yuko hai," nikasema.

Mikono yake ilisita, kisha ikaendelea kukanda. Hakuuliza yuko wapi.

Wakijua ofisini, nitahojiwa mimi. Naogopa.

Lakini tuliporudi, kabla ya kafyu, Habaryar alikula sahani nzima ya wali. Hakuwa amekula hivyo tangu mwanawe apotee.