Petero na Paulo Bado Wanangoja Amina: Kumkumbuka Kuka Zakayo Wekoye

Mnyororo wa plau ndio uliokuwa unatangulia. Tuliusikia ukiburutwa kwenye mawe ya njia, giza bado limeshika boma, halafu kikohozi chako, halafu wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Mwisho kabisa ndipo tulikuona wewe na ng'ombe wako wawili mkitokea kwenye ukungu. Mwaka umetimia sasa, Kuka, tangu mnyororo huo unyamaze. Tunakuandikia tukiwa wachovu. Hatutaficha, maana hukupenda uongo, hata ule wa kufariji.

Sisi wajukuu tulikuita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu. Watu wa Kibomet, kule Kitale, walikuita Mzee wa Plau. Miaka yako ya nguvu uliimalizia huko, ukilimia watu mashamba ya pembeni mwa Kitale, mpaka magoti yalipokuambia urudi nyumbani Bungoma. Lakini hata wakati huo wa Kibomet, Jumamosi mchana ulifungua nira, ukawaacha ng'ombe kwa rafiki yako Mzee Kipketer, ukapanda baiskeli mpaka nyumbani ili Jumapili ikukute kwenye benchi lako kanisani. Kipketer alikuja matangani akiwa bado ananung'unika.

"Huyu mzee aliniachia kipande kidogo tu bila kulima Jumamosi moja," alisema, "mvua ikanyesha wiki nzima. Nikamwambia, wewe Mungu wako anakungoja, na mahindi yangu je? Akanijibu, 'Muulize yeye. Mahindi ni yake pia.'"

Kisha Kipketer akageuka, akalia kama mtoto.

Ng'ombe wako uliwaita Petero na Paulo. Mchungaji alipouliza kama hiyo si dharau, ulimwambia kwamba mitume wale nao walivuta nira moja ingawa waligombana. Hukuwahi kuanza mstari bila kuomba. Ulisimama kichwani mwa shamba, kofia mkononi, ukaomba kwa ajili ya mbegu, ya mwenye shamba, hata ya fuko aliye chini ya udongo, kwa vile ulikuwa karibu kumbomolea nyumba. Petero na Paulo walisimama kimya na nira shingoni. Ukisema "Amina", wanang'oka. Hukuhitaji mjeledi.

Siku ya kukuzika, wao ndio walioleta maji ya wapishi kwa mkokoteni. Mtu fulani akawaegesha nyuma ya hema bila kuwafungua. Mchungaji akaanza kuomba, watu wakaitikia "Amina", na mkokoteni ukang'oka. Akaendelea, wakaitikia tena, ukang'oka tena, pipa likayumba.

"Mchungaji, ngoja kwanza!" wapishi wakapiga kelele. "Maombi yako inamwaga maji!"

Kukhu Phelista, bibi yetu, alikuwa hajafungua kinywa tangu ulipokata roho. Siku hiyo alicheka mpaka leso ikamwanguka, halafu kicheko kikageuka kilio, na ndipo sote tukaweza kulia.

Mwaka jana majirani walitulimia kwa sababu ya msiba. Mwaka huu msiba si sababu tena. Mvua ya kwanza ilipogusa udongo, Baba mdogo Mukhwana, mwanao wa mwisho, alifunga duka lake la Tuwan, mtaa wa Kitale, akaja kulima. Alipiga mluzi, akapiga mjeledi, akatukana. Petero na Paulo walimtazama tu.

"Ati hawa ni ng'ombe ama ni wazee wa kanisa?"

"Si uombe kwanza, bana," Kukhu akamwambia kutoka mlangoni.

"Mama, nimechelewa."

"Basi chelewa."

Baba mdogo akapaza sauti: "Amina!" Wakang'oka. Lakini walikwenda kwa kasi mbaya, plau likaruka, mstari ukapinda kama mkojo wa ng'ombe, na yeye akaishia kuketi kwenye matope akishika kiganja kilichochubuka.

"Huwezi kuweka Amina mahali hapana maombi," Kukhu alisema, akimfunga mkono kwa kitambaa.

Hapo ndipo mwanao alisema kile ambacho sote tulikuwa tunakikwepa. Alisema amechoka kuishi barabarani, mguu mmoja Kitale na mwingine Bungoma. Kukhu ahamie Tuwan akatunzwe, na shamba likodishwe kwa mtu wa miwa. Hatumlaumu, Kuka. Alisema macho yakiwa chini.

"Miwa itafika mpaka kaburini," Kukhu akajibu. "Na mimi nikiwa Tuwan, nani atamwamkia baba yenu asubuhi?"

Tangu siku hiyo tunazunguka na swali hilo:

Kuka ulilima sana, plau likakuheshimu,
Ukamwomba Maulana, magoti yakafahamu,
Tumechoka, tunaguna, hii kazi yako ngumu,
Wanao twatazamana, nani atashika zamu?

Unakumbukwa na mkeo Phelista. Wanao waliobaki, Edah na Mukhwana. Wajukuu wako Viola na Derrick, na vitukuu ambao bado wanauliza ulikokwenda. Mchungaji na waumini wenzako. Na rafiki yako Kipketer wa Kibomet. Jina lako halitatoka midomoni mwetu maadamu tuna pumzi.

Tukuambie na hili. Jumapili iliyopita familia ilikaa sebuleni kwako, kwa sababu mtu wa miwa alitaka jibu. Baba mdogo aliuliza nani anaweza kukaa hapa na mama. Shangazi Edah akatazama dirisha. Kukhu alikuwa ameanza kukunja nguo zake, taratibu, bila kumtazama mtu. Mimi, Derrick, mjukuu wako niliyebaki kuishi Kibomet, nikasimama.

"Wewe?" Kukhu akanicheka. "Kijana wa Kitale? Utaoa nani huku?"

"Si nimekuoa wewe? Kila siku unaniita bwana yako."

"Bwana gani hajui hata kukamua!"

Wakacheka wote, hata Baba mdogo. Nilingoja wanyamaze. Nikachukua ile nguo mkononi mwake, nikairudisha kabatini.

"Kukhu, sikiza, nasema mbele ya hawa wote. Huendi popote. Kabla ya mwezi huu kuisha nitahama Kibomet, nitalala katika nyumba hii, na shamba hili nitalilima mimi, hata kama mistari yangu itachekwa mpaka Bungoma mjini. Siku nitakayochoka nitakwambia nimechoka. Na kesho yake nitaamka."