Shangazi, Ukuta Bado Unagongwa

Shangazi yangu mpendwa,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali, na hali yako naijua: umelala Pangani, kando ya kaka yako, mahali ulipopachagua mwenyewe. Basi nikupe hali ya huku. Karavani ipo. Tairi la nyuma bado halina upepo. Jirani zako wapo, ingawa leo wamenyamaza, na hilo nitalirudia. Mimi nalala upande wako siku hizi, karibu na ukuta.

Leo ni Alhamisi, Alasiri imeshaadhiniwa, nimetoka hotelini mapema. Nimekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki kukuandikia kwa sababu kuna shukrani sikuwahi kuisema sawasawa, na kuna kosa sikuwahi kulikiri kabisa. Yote mawili yanahusu ukuta huu.

Unakumbuka nilivyofika? Tanga nzima nilikuwa nimeshaiaga kwamba naenda kukaa kwenye maghorofa ya Doha. Ukafungua geti la uwanja huu wa Muaither, nyuma ya gereji, nikaona karavani tisa zimepangwa kwenye vumbi, kila moja na kamba yake ya kuanikia nguo. Nikakuuliza, "Shangazi, ndiyo Doha hii?" Ukanyoosha kidole kwenye majengo yaliyoonekana kwa mbali. "Doha iko kule. Sisi tunaipikia kutokea huku." Nilitaka kulia, nikacheka. Ulikuwa mpishi wa nyumba moja ya hapo jirani kwa miaka kumi na minane, na mzaha ulikuwa chumvi yako.

Ulinieleza sheria za uwanja kabla sijashusha begi. Nyumba hizi za magurudumu ni za kwenda jangwani. Baridi ikiingia, wenyewe huzivuta mpaka mchangani wakapiga kambi na watoto wao. Joto likirudi, zinarejeshwa hapa, na wapangaji kama sisi wanaingia tena. Kila mwaka baridi ikikaribia, uwanja mzima roho juu, kila mtu hajui ya nani itavutwa. Wewe peke yako ulikuwa unalala fofofo. Msimamizi akija kutaka kubadilisha lile tairi, ulimwekea sahani ya pilau, akala, akashukuru, akaenda zake. "Gari lisilo na upepo haliombwi safari," ulikuwa unasema, na hakuna aliyekuhamisha hata mara moja.

Hukutaka kuhamishwa kwa sababu ulikuwa na safari yako moja tu kichwani. Shingoni ulivaa kamba yenye ufunguo wa nyumba uliyoijenga Pangani, nyumba ambayo ulikuwa hujawahi kulala hata siku moja. Uliwasindikiza wenzako kadhaa waliorudi kwao ndani ya masanduku. Kwa hiyo kila baada ya swala niliisikia dua yako ile ile: "Ya Rabi, nirudi kwa miguu yangu, nifungue mlango wangu kwa mkono wangu." Sukari ilikuwa imeshaanza kukusumbua, na mimi kila nikiusikia ufunguo ule ukigonga beseni unapoosha vyombo, niliikumbuka dua ile.

Sasa kelele. Upande wa kulia dereva wa lori la maji, ambaye honi yake ya kurudi nyuma ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamkia. Huyo tulimzoea. Upande wa kushoto Wekesa na mkewe Nafula, Wakenya wa Bungoma. Mume mlinzi, mke anafua mashuka hotelini, na wote wawili waimba kwaya. Kwa kuwa huku ibada ya kanisani ni Ijumaa, siku ya mapumziko, mazoezi yalikuwa Alhamisi jioni kwenye karavani yao. Halafu Ijumaa saa moja asubuhi wanarudi tena kupasha koo kabla ya kupanda basi la Abu Hamour, yaliko makanisa. Watu wanane ndani ya kibati kimoja. Wekesa akishuka na besi yake, vikombe vyetu vilihama kwenye rafu.

Wewe ulikuwa unachukua mwiko wa ugali na kugonga ukuta mara tatu. "Nyie! Mungu si kiziwi!"

Sauti ya Nafula inatoka upande wa pili: "Mama, tunamalizia huu mmoja tu!"

Walimalizia huo mmoja, na nyingine nne. Ukishagonga ulirudi kwenye sufuria, na wakati wa kuondoka Wekesa alipita dirishani akakuta chapati zake zimefungwa kwenye karatasi. Mimi niliona ni unafiki. Nilikuwa mgeni, miguu inauma kwa kusukuma toroli la usafi siku nzima, nataka kulala. Nikaandika malalamiko kwa msimamizi nikiomba waondolewe. Uliyasoma taratibu, miwani puani, ukayachana vipande vinne.

"Mimi nagombana nao," ukasema. "Wewe unataka kuwafukuza. Hayo si mambo mamoja."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu ulinitoa matembezi, maana ndiyo dawa yako ya kila kitu. Daktari alikuwa amekuamuru utembee, na nje ni jiko, basi tulikwenda kutembea kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi. Tulisukuma kitoroli chenye mkate mmoja, tukazunguka sabuni, tukazunguka mchele, tukarudi kwenye sabuni. Mlinzi wa pale, kijana wa Uganda, alishakujua. "Mama, leo umezunguka mara ngapi?" Ukamjibu, "Ya saba, mwanangu. Nikifika kumi nihesabie Hija." Siku nyingine tulipanda basi moja na wanakwaya mpaka Abu Hamour, wao wakashuka na vitabu vyao vya nyimbo, sisi tukaenda kutafuta muhogo na samaki. Ulibishana na muuza samaki kwa Kiarabu chako cha jikoni, "La, la, wajid," yaani hapana, ni nyingi mno, mpaka akakuongezea kichwa cha changu. Jioni tulirudi wote, wao wanaimba viti vya nyuma, wewe huna mwiko, unagonga kiti cha mbele kwa ngumi. Basi zima lilicheka. Mimi pia, ingawa sikutaka unione.

Kisha ikaja ile Ijumaa.

Ilikuwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na wewe ulikuwa umeamua kufunga sita zako za sunna. Daktari alikukataza, mimi nilikukataza, ukaitikia, "Haya, nimesikia." Kumbe ulifunga kwa siri. Nilipoondoka alfajiri kwenda kazini ulikuwa kwenye mkeka wa kusalia. Baadaye uliungama kwamba ulikunywa kidonge cha sukari kwa maji na tende moja, ukaona umekula daku.

Yaliyofuata alinisimulia Wekesa. "Tuliimba wimbo wa kwanza, hakuna mtu amegonga. Wa pili, bado. Nikaambia Nafula, huyu mama ama ameokoka ama ni mgonjwa. Tukanyamaza tusikie. Hakuna kitu." Walibisha mlango, hukuitika. Wekesa akausukuma kwa bega. Walikukuta chini kando ya mkeka, umelowa jasho, macho wazi, huwajui. Nafula aliwahi kumuuguza mama yake mwenye sukari, akajua yako imeshuka. Alichukua asali kwenye rafu yako akakupaka kidogo kidogo kwenye ufizi huku Wekesa akipigia simu gari la wagonjwa, na kwaya nzima imesimama juani inalia.

Nilipofika hospitali nilikukuta umekaa, dripu mkononi, unagomba. "Hawa wamenifuturisha saa mbili asubuhi."

Nafula akajibu, "Mama, tusamehe. Utalipa siku nyingine. Siku bado uko nazo."

Ukaushika ufunguo wako, ukaushika na mkono wake, hukuviachia mpaka dripu ilipoisha.

Sasa nifike kwenye kosa langu, Shangazi. Ile karatasi uliyoichana, niliiandika upya. Jumatatu ya wiki ile uliyoanguka niliipeleka kwa msimamizi, nikamkuta amefunga ofisi yake kwenda kuswali Adhuhuri. Nilisimama juani kama dakika kumi, jua likanishinda, nikajiambia nitarudi. Nikachoka Jumanne, nikachoka Jumatano, nikachoka Alhamisi. Ijumaa nilipokuwa nakimbia kwenye korido ya hospitali, karatasi ilikuwa mfukoni mwa sare yangu, imekunjwa vizuri, ina majina yao. Msimamizi hakuwa mtu wa kuchelewesha. Ningempata Jumatatu, Ijumaa upande wa kushoto pangekuwa na karavani tupu, na wewe ungelala pale chini mpaka nirudi kutoka kazini saa kumi. Niliitumbukiza chooni mle mle hospitalini. Kwa miaka yote hii nimeona aibu kukwambia. Nisamehe. Nashukuru lile jua, nashukuru na uvivu wangu.

Na nakushukuru wewe, kwa sababu uvivu wangu ulikuwa wa siku tatu tu, lakini ugomvi wako nao ulikuwa wa miaka. Uligonga ukuta ule kila wiki bila kukosa, ukawazoesha kukusikia. Nilidhani unawanyamazisha.

Miezi sita baadaye ulirudi kwa miguu yako. Kwaya yote ilipanda basi kuja kukusindikiza, wakakuimbia kwa sauti ya chini pale uwanja wa ndege mpaka askari akawasogelea. Ukagonga mpini wa toroli mara tatu, "Mungu si kiziwi," ukaingia ndani bila kugeuka, maana ulikuwa unalia. Mwiko uliniachia mimi. "Gonga," uliniambia. "Usipogonga watadhani umekufa."

Ulifungua mlango wako. Ulilala ndani ya nyumba yako Ramadhani mbili nzima. Ukinipigia simu ulikuwa unalalamika, "Kimya huku, mwanangu, mpaka nasikia ninavyopumua." Na Jumamosi iliyopita binamu alinipigia kwamba umetutoka alfajiri, kitandani kwako, ufunguo ukiwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Maziko ya kwetu hayangoji ndege, kwa hiyo sikuwahi. Nimeumia kwa hilo. Lakini nikikaa nikafikiri, naona ulipewa ulichokiomba, chote, na nusu yake ilipitia kwa watu niliotaka wafukuzwe.

Nafula alikuja na kwaya yote siku ile, wanawake wamejifunga kanga kichwani, wakakaa na mimi hapa chini bila maneno mengi. Wamenipikia mpaka jana.

Leo wamekuja kwenye mazoezi. Viatu jozi nane naviona mlangoni kwao. Lakini ni nusu saa sasa na hawajaimba. Nasikia wananong'ona, mtu anakohoa, kitabu kinafunguliwa, kinafungwa. Wananistahi kwa sababu ya msiba. Shangazi, kimya hiki sikiwezi.

Nimeweka kalamu chini, nimechukua mwiko, nimegonga mara tatu.

Nafula ameshtuka. "Dada, pole. Tumekusumbua? Na hata hatujaanza."

"Ndicho ninachogongea," nimemwambia. "Anzeni."

Wameanza. Wekesa ameshuka na besi yake na kikombe chako cha maua kimehama, nimekidaka. Wamesema ni huo mmoja tu. Najua ni tano. Nikimaliza kuandika hapa nitawagongea tena, halafu nikakande unga wa chapati zao.

Lala salama, Shangazi. Umefika kwa miguu yako.

Mimi mtoto wa kaka yako, mwenye mwiko sasa.