Nilisema Ni Njahi

Kariuki ndugu yangu,

Hii ni wiki ya sita. Nimerudi kazini, mashine zinawaka, na mimi nipo tu. Watu wa Ruiru wakiniuliza habari, nasema nzuri. Sijalia bado. Nilidhani ningelia kaburini kwako, lakini nilikuwa nikiangalia viatu vyangu vilivyojaa udongo mwekundu, nikiwaza nitavisafisha vipi. Nisamehe.

Pipa letu la maji bado liko katikati ya maabara, na ule uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele, bado umezungushwa ndani yake. Wageni wakija chuoni, siku hizi ni mimi ninayewaeleza: sauti ikipita majini inaufinya uzi, mwanga uliomo unatikisika, na kalamu inauchora mtikisiko huo kwenye karatasi. Nawaeleza vibaya. Wewe ungetumbukiza kidevu majini ukaguna, "Niaje, samaki!" halafu uwaonyeshe kalamu ikirukaruka. Karatasi ya kwanza ya hiyo salamu yako ya "niaje" nimeibandika juu ya meza. Ni vilima vya wino tu. Siwezi kuisoma, wala siwezi kuibandua.

Kuna jambo sijamwambia mtu.

Ile Jumatatu ulitoka msalani ukaniambia, huku ukicheka kidogo, "Rashidi, leo choo yangu ni nyeusi kama lami." Mgongo ulikuwa ukikusumbua tangu tuliposogeza pipa, na ulikuwa unameza vidonge vya maumivu asubuhi, mchana na jioni. Mimi nikakujibu bila hata kuinua kichwa: "Nyinyi watu wa Kalimoni na njahi zenu! Ukikula kitu nyeusi unataka itoke nyeupe?" Ukacheka mpaka ukashika meza. Jumapili ulikuwa umetoka kwa mamako na sufuria nzima ya njahi, yale maharagwe meusi ya kwenu. Tulikula pamoja, na mimi niliongeza mara mbili. Choo changu hakikubadilika. Hata hilo sikulifikiria.

Alhamisi ukaanguka kando ya pipa, ukatapika damu. Tulikufikisha hospitalini ukiwa unapumua, basi.

Daktari alimweleza mamako polepole. Kidonda cha tumbo, kilicholetwa na vile vidonge, kilikuwa kimevuja damu siku kadhaa, na damu ikishuka matumboni hugeuka nyeusi. Mgonjwa akiwahi, alisema, wana mrija wa kumeza wenye nyuzi za kioo ndani, zinazopitisha mwanga hadi tumboni. Wanakiona kidonda, wanakidunga sindano, damu inakatika. Nyuzi za kioo, Kariuki. Kama zetu. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyejua habari za choo cheusi. Mamako akanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiishi nawe.

Nikasema hapana. Ilitoka kirahisi tu.

Tangu hapo naenda Kalimoni kila Jumamosi. Mamako ananipakulia njahi kwa sababu ulizipenda, na ananiita mwanangu. Nakula zote. Sisikii ladha yoyote, si chumvi, si kitunguu. Yeye anakaa mbele yangu na kurudia maneno yale yale: "Alikuwa ameketi hapa hapa Jumapili, na mimi mama yake sikuona kitu." Anajilaumu. Amekonda. Na mimi natafuna, nainamisha kichwa, kana kwamba namwonea huruma tu.

Nimekuombea dua kwa njia yetu, na najua yeye amekuombea kwa yenu. Pumzika, rafiki yangu. Hapa ninakuacha, lakini nakuahidi hili: Jumamosi hii, kabla hajafunua sufuria, nitamwambia. Nitayasema maneno yako kama ulivyoyasema, na yangu kama nilivyoyasema, pamoja na kile kicheko. Pengine hataniita mwanangu tena. Akinionyesha mlango, nitaondoka na sitabishana.

Na akinipakulia bado, nadhani hapo ndipo nitakapolia.

Wako,
Rashidi