Karatasi ya Zena na Jicho Langu la Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba
Nimesuka ukili wa mkeka toka adhuhuri. Mstari mwekundu unapinda. Nimefumua mara mbili. Mkono wangu haukosei, kijiji kizima cha Bungu wanajua. Nikafumba jicho la kulia: mstari unapinda kama nyoka, katikati ukungu. Nikafumba la kushoto: umenyooka sawasawa. Basi si ukili. Ni jicho. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 9 Septemba
Zena kapiga simu. Makala yake imechapishwa! Mwanangu ni daktari, anachunguza magonjwa ya macho, hasa ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Sasa madaktari wa nchi za mbali wanamsoma. Miye niliishia darasa la nne. Nimelia kwa furaha.
Ijumaa anakuja zahanati yetu na utafiti mwingine. Anataka kujua kama wenye kisukari wa vijijini wanaweza kujikagua macho kwa karatasi tu. Miye nina kisukari. Kasema niwe wa kwanza, watu wasiogope. Nimesema sawa mwanangu.

Jumatano, 10 Septemba
Bado jicho linapindisha mstari. Naogopa. Watasema mama wa daktari wa macho mwenyewe haoni. Jirani yangu Bi Somoe keshaanza: "Mama Zena, siku hizi uji unainywesha meza?" Nimecheka naye. Aibu tupu.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya swala watu walijaa. Zena kaeleza vizuri, hakumtisha mtu. Kisukari huvujisha vijishipa vya nyuma ya jicho, wala husikii maumivu. Ukiwahi, jicho linaokolewa. Ukichelewa, kilichopotea hakirudi.
Karatasi imechorwa mistari ya vyumba vidogo vidogo, kitone katikati. Unafumba jicho moja, unatazama kitone, unasema mistari ikoje. Wanaoona imepinda wanakwenda hospitali Kibiti Jumatatu kupigwa picha za nyuma ya jicho.
Miye wa kwanza. Jicho la kushoto. Mistari ikapinda, kitone kikapotea. Wote wananitazama. Nikasema, "Imenyooka yote."
Zena akaandika. Hakuuliza mara ya pili. Mama yake, angeuliza ya nini.
Akakaa Bi Somoe. Akatazama karatasi, kisha akanitazama miye. "Andika kama Mama Zena. Tumekua pamoja, macho yetu mamoja."
Watu wakacheka. Zena naye. "Mama mdogo, tazama karatasi, usimtazame mama."
"Nshatazama. Imenyooka."
Wanawake wawili nyuma yake nao wakasema hivyo hivyo. Bi Somoe wakati wa kutoka alipapasa kizingiti kwa mguu.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeharibu. Nilidhani uongo wangu ni wa jicho langu peke yake.
Zena kakaa mezani kwangu anajumlisha majibu, anafurahi. "Mama, kwetu macho mazuri." Nikaenda jikoni, nikarudi. Nikasema. La kushoto linapindisha mistari, kitone sikukiona.
Kalamu ikasimama. Hakunifokea. Kauliza toka lini. Kisha: "Mama, ningechapisha uongo."
Limeniuma kuliko jicho.
Nikajitanda kanga, nikaenda kwa Bi Somoe mwenyewe. Nikaanza na langu. Akaguna. "Shoga, umeniponza! Yangu yanapindisha yote mawili. Wewe ulivyosema imenyooka, nikajua ndivyo karatasi ilivyochorwa."
Zena kampima tena chumbani peke yake. Na wale wawili. Mmoja yuko salama. Mwingine yuko kama sisi.

Jumatatu, 15 Septemba
Kibiti. Nimeliona jicho langu kwa ndani, rangi ya chungwa, vijishipa kama mizizi. Zena kanionyesha panapovuja. Kasema sindano ya jichoni, kwa daktari mwenzake Dar. Sikumngoja amalize. Nimekubali. Mtoto aliyesoma nyuma ya jicho miaka yote hii, miye nibishe nini? Bi Somoe kauliza kama inauma kuliko kuzaa. Kajibiwa hapana. "Basi leteni."

Jumapili, 28 Septemba
Nimechomwa. Dawa ya ganzi kwanza. Sindano nilisikia kama kidole kinabonyeza, basi. Zimebaki nyingine. Kidogo kilichopotea hakitarudi, kilichobaki kitakaa. Zena kasema hivyo, namwamini.
Zena kaomba ruhusa aandike kwenye makala mpya kwamba watu walifuata jibu la mtu mmoja. Nimempa. Nikauliza jina langu litakuwepo? Kasema majina hayawekwi. Nikaona afadhali. Kidogo nikasikitika.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leo Zena kapima watu wengine, kule Umwe. Mmoja mmoja, chumbani. Miye nilikaa nje na wanaosubiri. Mama mmoja kaniinamia, kauliza aseme nini akifika ndani.
Nikamwambia, "Sema unachokiona mwenyewe."
Akaingia. Mlango ukafungwa.