Darasa la Kompyuta Lisilo na Kompyuta

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mwanangu, Mama Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukiinama kufuta meza za hizo ofisi unauma mpaka kwenye goti, nasi huku tukawa kama tunaumwa pamoja nawe. Tafadhali usibebe ndoo mbili kwa mkupuo. Najua utasema nimeanza tena.

Sisi hatujambo. Macho yangu yananitania kidogo nikisoma jioni. Mama yako mkubwa anakohoa, ila kikohozi hakijaugusa ulimi wake.

Chiriku ni mzima kabisa. Amerefuka, na sare yake ya chekechea sasa ni blauzi. Jino la mbele limeng'oka, naye anajivunia pengo lile kama mtu aliyenunua kiti kipya.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu unazijua: nikianza kueleza, mtandao unakatika, na ukirudi, wewe umeshaitwa kazini. Jirani yetu muuguzi anarudi huko keshokutwa, ameahidi kukuletea barua hii mkononi.

Uliniagiza nimtoe Chiriku katika shule yake, nimpeleke ile yenye chumba cha kompyuta, kwa kuwa shule yake inadai kufundisha kompyuta na haina hata moja. Maneno yako nayakumbuka: "Baba mkubwa, mimi kila siku nafuta vumbi kwenye kompyuta za watu. Sitaki mwanangu aje kuzifuta. Nataka yeye ndiye akae kwenye kiti." Nilikuelewa vizuri, na nikakubali. Nilitoka hapa nikiwa na hasira kwa niaba yako.

Nilipofika, mwalimu mkuu alikuwa ametoka kidogo. Nikaambiwa nisubiri darasani kwa akina Chiriku. Huko ndiko nilikochanganyikiwa, na mpaka leo sijachanganuka.

Mwalimu wao ni binti mdogo, watoto wanamwita Mwalimu Miwani. Sakafuni alikuwa amechora miraba kwa chaki, kama karatasi kubwa ya hesabu. Katika mraba mmoja aliweka mpira, katika mwingine ndoo ya kudekia yenye maji. Watoto walikuwa na kadi walizozikata kwenye maboksi ya sabuni, kila kadi ina mshale: mbele, geuka kulia, geuka kushoto. Mtoto anapanga kadi zake zote kwanza, halafu mtu mmoja anakuwa mashine na kuzifuata hadi aufikie mpira. Siku hiyo waliona mzee amekaa bure, wakanipa umashine.

Zamu ilikuwa ya Chiriku. Nikafuata kadi: mbele, mbele, na ya tatu pia mbele. Lakini mbele yangu kulikuwa na ndoo. Mimi, kama mtu yeyote mwenye akili zake, nikaizunguka.

Darasa zima likapiga kelele. "Babu ameiba! Babu ameiba!"

"Sijaiba, nimekwepa ndoo," nikasema.

"Hukuambiwa ukwepe!" akadakia kijana mmoja mwenye kamasi. "Mashine haikwepi!"

Chiriku alikuwa amekasirika kweli. Akanishika suruali. "Babu, ukizunguka, mimi nitajuaje nimekosea wapi?"

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, nimewasomesha ramani vijana wenye ndevu, lakini swali kama lile sijawahi kuulizwa. Mwalimu Miwani akaniomba kwa adabu nyingi nirudi mwanzo na nifuate kadi kama zilivyo. Nikarudi. Mbele, mbele, mbele, na kiatu changu cha kushoto kikaingia ndani ya ndoo.

Na unajua watoto walifanya nini? Walipiga makofi. "Tumelipata kosa!" wakaimba. Wanashangilia kosa, mwanangu, kama sisi tulivyokuwa tukishangilia bao. Chiriku akapiga magoti, akazipitia kadi zake kwa kidole moja baada ya nyingine, akaondoa moja, akaongeza geuka kulia mahali pake, na nyingine mbili tatu mbele ya hapo. Nikaufikia mpira, kiatu kikilia chwa, chwa.

Huyu ndiye Chiriku yuleyule uliyemwacha akichana karatasi kila herufi ikipinda, kisha anajificha chini ya meza mpaka bibi yake amtoe kwa kumbembeleza. Siku hiyo alikosea mbele ya watu wote na hakulia hata kidogo. Sijui kama hiyo ndiyo kompyuta. Ila niliiona kwa macho yangu.

Nikamuuliza mwalimu, "Na kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Bado, Mzee. Kwanza wajue kuiambia ifanye nini. Yenyewe haijui lolote."

"Na wakiikuta huko mbele hawajui hata kuiwasha?"

Akacheka. "Kuwasha ni kitufe kimoja, Mzee. Hilo halitatushinda."

Jibu zuri. Lakini mimi nimekaa na walimu miaka mingi, najua jibu zuri si lazima liwe jibu sahihi. Mwalimu mkuu aliporudi nilimsalimia, nikamuuliza habari za watoto wake, nikaondoka bila kutaja habari ya kumhamisha mtoto.

Halafu kuna mambo ya vifuniko vya chupa. Amevipanga mezani kwetu kwa mstari. Nikueleze, maana ilinichukua muda kuelewa: kifuniko cha kwanza kutoka kulia kina thamani ya moja, cha pili ni mbili, cha tatu ni nne, kila kimoja mara mbili ya jirani yake. Kikilala uso juu kinahesabiwa, kikifunikwa hakihesabiwi. Kwa hiyo tano ni cha kwanza na cha tatu vikiwa uso juu. Mwalimu amewaambia kwamba ndani ya kompyuta hesabu zote huandikwa hivyo. Juzi alifunua cha tatu peke yake, akasema hiyo ndiyo hesabu ya watu wa nyumba hii. Nikamwambia amekosea, tuko watatu, nikakifunika na kufunua cha kwanza na cha pili. Akaniangalia kwa huruma. "Na mama?" Basi nikavirudisha vifuniko kama vilivyokuwa.

Usidhani nimependelea upande mmoja. Alhamisi nilimpeleka kuiona ile shule yako, ili niwe mkweli kwako. Chumba ni kizuri. Kompyuta zimefunikwa vitambaa safi, watoto wanavua viatu mlangoni, na mwalimu wa pale ni mama mpole anayeijua kazi yake. Chiriku akakalishwa kwenye kiti, miguu haifiki chini. Akaandika jina lake, akaliona linang'aa. Akabonyeza kitufe, bata akatokea. Mwanangu, ule uso ungeuona! Nikasema moyoni, mama yake ana haki.

Kisha akauliza, "Nani amemwambia bata atoke?"

"Anatoka mwenyewe, mama," yule mwalimu akamjibu.

"Hawezi," akasema Chiriku, akaendelea kumtazama bata. Njiani kurudi alitaka kujua tutaenda lini tena kumwona. Sasa niambie, mtoto huyo amechagua shule ipi?

Nimejaribu kuipima kila namna. Ukisema mtoto aanze na kiti, nakubali. Ukisema aanze na chaki, nakubali pia, halafu usingizi hauji. Sijazoea hali hii. Watu huja kwangu kueleweshwa, na hivi sasa hata fundi viatu aliyekausha kile kiatu changu ananieleza mimi maoni yake.

Ijumaa nikaona yatosha, nikajiamulia abaki. Tukiwa mezani nikamtangazia Chiriku kwamba hahami. Nilitegemea atafurahi. Yeye akaweka kijiko chini.

"Mama amekubali?"

"Mama yako ataelewa."

"Umemuuliza?"

"Bado, nitamweleza."

"Basi, Babu, umeruka hatua."

Mama yako mkubwa alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilitafuta kosa katika maneno ya mtoto, sikuliona. Nilikuwa naamua juu ya mwanao, kwa jasho lako, kinyume cha agizo lako, na nilikuwa nimepanga kukuarifu mambo yakishapita.

Kwa hiyo jana asubuhi nilikwenda kwa karani wa shule yenye kompyuta, nikamwomba aishike nafasi ya Chiriku hadi mwisho wa mwezi. Amekubali, kwa kunung'unika. Kule kwa Mwalimu Miwani sijasema lolote. Nimekueleza yote niliyoyaona, hata yale yanayopinga maneno yangu. Ukisema ahame, nitamshika mkono mwenyewe nimpeleke, wala hutasikia neno kutoka kwangu. Ukisema abaki, atabaki. Ila jibu lazima litoke kwako, na mtoto ameniambia atakaa kulisubiri.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana, anasema usikatae kula kwa sababu ya uchovu. Kaka yako fundi bomba anakusalimu, anaoga siku hizi kwa kuwa anachumbia. Shangazi yako mshonaji anaomba vipimo vyako vipya, na wadogo zako mapacha wanauliza kama huko kuna baridi kweli au unawatania. Chiriku amekutumia busu, nimeshindwa kulibandika.

Mungu akulinde kazini na njiani, aupumzishe mgongo wako, na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Nikupendaye bila kupungukiwa,
Baba yako mkubwa.